Kipanga-msitu (Aerospiza tachiro): kumtofautisha na shikra na kipanga mdogo, anakopatikana, na sababu ya jina kubadilika

Mpekuzi_wa_Orodha (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Nimepewa kusafisha orodha ya ndege wa misitu kadhaa, baadhi ya pwani na baadhi ya Milima ya Tao la Mashariki, na vipanga ndio wanaonitoa jasho. Rekodi nyingi zina picha moja, jina lililoandikwa kwa haraka, na hakuna maelezo mengine. Naomba wanaowafahamu hawa ndege wanisaidie kwa mambo haya.

Dume wa kipanga-msitu (tachiro) ana madoa meupe juu ya mkia, na kipanga mdogo (minullus) anayo pia. Picha ikikosa kitu cha kupimia ukubwa, mnaamuaje? Na shikra (badius) anaingia wapi hapo?

Vijana wenye matone kifuani ndio balaa zaidi. Nina picha za ndege wa kahawia mgongoni, mweupe kifuani, matone meusi, na kila mtu kaandika jina lake.

Kuna pia ndege weusi tii wawili kutoka misitu ya mlimani. Wote wameandikwa kipanga mweusi (melanoleucus). Nina shaka.

La mwisho ni jina. Nusu ya orodha inasema Accipiter tachiro, nusu Aerospiza tachiro. Na yule toussenelii wa magharibi, mpaka wake na huyu wetu uko wapi?

---

Kandokando

Mkuu, nijibu la kwanza, la watu wazima.

Ukubwa uweke kando kwanza. Kwenye karatasi hawakaribiani: kipanga-msitu sentimita 36 hadi 40 hivi, shikra 25 hadi 30, kipanga mdogo 20 hadi 27. Lakini jike wa vipanga humzidi dume, na kwa kipanga-msitu pengo hilo ni kubwa mno. Madume wengi huwa karibu gramu 200 tu, wakati jike mnene anafika 500. Ndiyo maana dume aliyejikunyata kwenye kivuli huandikwa shikra, na jike aliyetua mtini hapohapo huandikwa spishi nyingine kabisa. Mtu akikuambia "alikuwa mdogo", muulize mdogo kuliko nini.

Tazama kwanza ile ngozi laini kwenye tako la mdomo, penye matundu ya pua. Kwa kipanga-msitu ni ya kijivu, mara nyingi kijivu-kijani. Kwa shikra na kipanga mdogo ni ya manjano. Tatizo ni kwamba jua la asubuhi au la jioni hugeuza kila kitu kuwa manjano, na kamera nayo huongeza chumvi. Kwa hiyo usiiangalie rangi yenyewe, ilinganishe na miguu. Miguu ya wote watatu ni ya manjano. Ngozi ya puani ikifanana na miguu ndani ya picha moja, chini ya mwanga uleule, una shikra au kipanga mdogo. Ikiwa imefifia na miguu inang'aa, una kipanga-msitu. Njia hii huokoa hata picha mbovu, mradi miguu na uso viko kwenye mwanga wa aina moja. Uso ukiwa juani na miguu kivulini, usihukumu.

Kisha kiunoni, pale mgongo unapokutana na mkia. Kipanga mdogo ana ukanda mwembamba mweupe hapo, ambao kipanga-msitu hana. Kwa madume wenye madoa mkiani, hili ndilo swali linalowatenga: madoa mawili meupe pamoja na ukanda mweupe kiunoni ni kipanga mdogo, madoa bila ukanda ni dume wa kipanga-msitu. Angalizo: manyoya ya chini ya mkia ni meupe na mepesi kwa wote, na ndege akiyatanua, au upepo ukiyainua, hujikunja ubavuni na kutoka upande huonekana kama kiuno cheupe. Weupe ukionekana ubavuni tu, bila kuvuka katikati ya mgongo, usiuhesabu.

Shikra hana madoa kabisa. Manyoya ya kati ya mkia wake ni kijivu tupu, na mistari ipo kwenye manyoya ya pembeni tu. Mkia ukiwa umefungwa unaona kijivu kisicho na kitu. Mgongo wake nao ni kijivu cha kupauka, wakati dume wa kipanga-msitu ana mgongo wa kijivu kizito kinachokaribia weusi. Kwa macho: shikra dume mekundu, jike ya rangi ya machungwa, kipanga-msitu na kipanga mdogo ni ya manjano.

Jike wa kipanga-msitu hana hesabu ngumu. Mgongo kahawia iliyokolea, chini kweupe kwenye mistari ya kahawia iliyokingama, mipana kuliko ya dume, na mkia wenye mapande meusi yanayopita hadi manyoya ya kati. Madoa meupe kwake hayapo au yamefifia. Anayemtafuta kwa madoa atampoteza kila mara.

Usiamue lolote juu ya madoa kutokana na picha iliyopigwa kutoka chini. Madoa yako upande wa juu wa mkia. Ukiutazama kwa chini unaona mapande tu, na hapo hao wote wanafanana.

---

Alfajiri_Sikio

Naongezea kwa upande wa sauti, kwa sababu kwenye msitu mnene rekodi nyingi halali za kipanga-msitu ni za kusikika, na sioni kwa nini orodha izikatae.

Huyu hujitangaza asubuhi. Huanza kabla jua halijachomoza, akiwa bado mtini, halafu hupanda juu ya msitu na kuzunguka mduara mpana, akipiga mabawa haraka kidogo kisha kuteleza. Kila baada ya sekunde mbili tatu hutoa mlio mmoja mkavu, "kwit", kama kijiti kinachovunjwa. Mara nyingi anakuwa juu sana hata humwoni kwa macho matupu. Unafuata sauti kwa darubini, na ukiwa umemtafuta kwenye kimo cha miti utamkosa. Tafuta juu zaidi.

Kinachomtambulisha ni nafasi kati ya mlio na mlio. Ni mmoja mmoja, kwa vipindi vinavyolingana, kwa dakika nyingi. Shikra hutoa mlio wa silabi mbili, "kli-vit", na huurudia akiwa mtini mahali pa wazi. Kipanga mdogo hupiga mfululizo mwembamba wa haraka, "ki-ki-ki-ki". Kipanga mweusi dume ana "kyip" fupi ambayo mtu asiyezoea anaweza kuichanganya, ila haitoki juu angani kwa mpangilio ule wa saa inayogonga.

Mtego uliopo ni kurumbiza wa jenasi Cossypha. Hasa Cossypha natalensis ni fundi wa kuiga, na ndege mbuai wamo kwenye orodha yake. Ukisikia mlio wa kipanga ukitoka kichakani kwenye kimo cha goti, na baada yake unafuata mlio wa ndege mwingine tofauti kabisa, huyo si kipanga. Mlio kutoka angani, unaohama kwa mzunguko, hauna mashaka hayo.

Anayetuma rekodi ya kusikika aandike saa, sauti ilitoka angani au mtini, na nafasi kati ya milio. Simu inatosha kurekodi: elekeza sehemu ya maikrofoni juu, nyamaza, acha irekodi dakika mbili nzima. Sekunde kumi hazitoshi, maana utapata milio mitatu tu na huwezi kupima mwendo wake. Kisha linganisha na rekodi za xeno-canto, tovuti ya sauti za ndege.

---

Mpekuzi_wa_Orodha

Asanteni sana. Hilo la ngozi ya puani na miguu tayari limenisaidia kuhamisha rekodi kadhaa. Bado wale vijana na wale weusi. Vijana wengi nilionao wana mstari mmoja mweusi katikati ya koo. Je, huo unatosha?

---

Ubavu_wa_Kigongo

Hapana, hautoshi. Mstari wa kooni unao kipanga-msitu kijana, lakini shikra kijana anao pia. Na kuna ndege mzima ambaye hujulikana kwa mstari huohuo, Kaupifalco monogrammicus, mla mijusi, anayekaa wima kwenye matawi ya wazi. Huyo wa mwisho utamtoa haraka: ngozi ya puani na miguu ni nyekundu-machungwa, kifua ni kijivu kitupu na tumbo lina mistari, kiuno cheupe, na mkia mweusi wenye ukanda mpana mweupe.

Kwa vijana wenyewe, angalia umbo la alama na zinavyobadilika kutoka kifuani hadi tumboni.

Kipanga-msitu kijana ana matone: alama za kahawia-nyeusi, nyembamba juu na nene chini, zimetawanyika kwenye kifua cheupe na kuendelea tumboni bado zikiwa matone. Mistari iliyokingama huonekana ubavuni na mapajani tu. Macho mwanzoni ni ya kahawia, kisha hugeuka manjano taratibu. Ngozi ya puani ni ya kijivu-kijani tangu utoto, kwa hiyo ile kanuni ya Kandokando inafanya kazi kwa vijana pia.

Shikra kijana ana alama za kahawia-nyekundu kifuani, lakini tumboni hugeuka kuwa mistari iliyokingama. Mabadiliko hayo ndiyo ufunguo wake. Macho ni ya manjano mapema. Mtego wake ni mkia: kijana ana mapande hadi kwenye manyoya ya kati, kwa hiyo ile kanuni ya "mkia wa kati mtupu" ni ya watu wazima peke yao. Usiitumie kwa kijana.

Kipanga mdogo kijana ana matone ya kahawia ya mviringo kwenye weupe, lakini madoa mawili ya mkiani anayo tangu ujana, na ukanda wa kiunoni pia.

Yule ambaye karibu kila orodha humsahau ni Aviceda cuculoides. Kijana wake ni mweupe chini, ana matone meusi, ana nyusi nyeupe, na hukaa msituni au pembezoni mwake. Picha nyingi za "kipanga-msitu kijana" nilizopitia ni huyo. Tazama mabawa akiwa ametua: ya Aviceda ni marefu, ncha zinakaribia mwisho wa mkia. Vipanga hawa wengine wana mabawa mafupi, ncha zinaishia karibu na nusu ya mkia au kabla. Miguu ya Aviceda ni mifupi, ya kipanga mirefu. Kisogoni ana kishungi kidogo, ila kikilala huwezi kukiona, kwa hiyo kukosekana kwake si ushahidi.

Sasa weusi. Kipanga-msitu ana rangi nyeusi pia, si ya kawaida lakini ipo, na misitu ya mlimani ni mahali pa kumtarajia. Kwa hiyo shaka yako ina msingi. Wanaoweza kuwa weusi tii ni wanne, na njia ya mkato ni ngozi ya puani, miguu na koo.

Kipanga mweusi (melanoleucus) ni mkubwa, sentimita 46 hadi 58. Wale wa rangi nyeusi kwa kawaida hubaki na koo jeupe, na macho yao ni mekundu. Kipanga gabar (Micronisus gabar) mweusi mara nyingi ana ngozi ya puani na miguu ya nyekundu, na mkia wenye mapande yanayoonekana wazi. Tena huyo ni ndege wa miiba na mbuga kavu, msitu wa mlimani si kwake. Kipanga wa Ovambo (ovampensis) mweusi ana ngozi ya puani ya manjano-machungwa na vijistari vyeupe kwenye mashina ya manyoya ya mkia. Naye ni wa miombo na mapori ya miti ya wazi. Akibaki mweusi mwenye ngozi ya puani ya kijivu, miguu ya manjano, macho ya manjano, na koo lisilo na weupe, huyo ni kipanga-msitu.

Koo jeusi peke yake halimfanyi kuwa tachiro, lakini linatosha kuifungua upya rekodi ya melanoleucus. Ukipata na jicho la manjano, umemaliza.

---

Jenasi_na_Nususpishi

Kuhusu jina: ni ndege yuleyule. Daudin alimwelezea mwaka 1800 kama Falco tachiro, akitumia maelezo ya Levaillant aliyesafiri Afrika Kusini. Baadaye aliingizwa kwenye Accipiter, jenasi ya Brisson ya 1760, akakaa humo kwa muda mrefu.

Accipiter ilikuwa jaa. Iliwahi kubeba karibu spishi 50, karibu kila kipanga mwenye mabawa mafupi ya mviringo na mkia mrefu. Umbo hilo ni zana ya kuwinda kati ya miti, na ndege wasio na undugu wa karibu wanaweza kulipata kila mmoja kwa njia yake. Tangu uchunguzi wa DNA uliochapishwa 2005 ilionekana kwamba ndege wa jenasi Circus, wale wanaoruka chinichini juu ya nyasi, wamo ndani ya ukoo wa Accipiter. Baadhi ya vipanga wakubwa wako karibu zaidi na Circus kuliko walivyo na kipanga wa Ulaya (Accipiter nisus), ambaye jina Accipiter limefungwa kwake.

Hapo njia zilikuwa mbili. Ama Circus wote wamezwe na Accipiter, kwa sababu jina la 1760 linatangulia lile la Circus la 1799, ama Accipiter ivunjwe. Utafiti wa 2024 uliotumia vipande vingi vya jenomu ulionyesha matawi waziwazi, na njia ya pili ikashinda. American Ornithological Society iliikubali mwaka huohuo kwa ndege wake (kipanga wa Cooper sasa ni Astur cooperii), na orodha ya Clements inayotumiwa na eBird (hifadhidata ya mtandaoni ya rekodi za ndege) ikafuata Oktoba 2024.

Kwa Afrika matokeo yake ni haya. Tachiro, toussenelii na castanilius (kipanga mwingine wa misitu) wamekwenda Aerospiza, jina lililotungwa na mtaalamu wa ndege Austin Roberts 1922 kwa ajili ya tachiro mwenyewe, kwa hiyo si jina jipya, lilikuwa kabatini. Shikra na kipanga mdogo wako Tachyspiza. Kipanga mweusi yuko Astur pamoja na vipanga wakubwa wa kaskazini ya dunia. Rufiventris (kipanga mwenye kifua chekundu-kahawia) na ovampensis wamebaki Accipiter. Gabar hakuhusika, alikuwa ameshatengwa kwenye Micronisus karibu na jenasi Melierax.

Unaposafisha jedwali lako jihadhari na miisho. Tachyspiza ni jina la kike kwa Kilatini, kwa hiyo badius (shikra) amekuwa badia na minullus (kipanga mdogo) amekuwa minulla. Ukitafuta "badius" tu kwenye data mpya utapata sifuri na kudhani shikra ametoweka. Tachiro halibadiliki.

Binafsi naona mgawanyo huu umesaidia hata porini. Kipanga-msitu na shikra wamekuwa wakifundishwa kama ndugu wa karibu, na watu wakatafuta tofauti ndogondogo tu. Ni matawi mawili tofauti.

Toussenelii ni wa Afrika Magharibi na bonde la Kongo, kuanzia Senegal hadi magharibi ya Uganda. Zamani alihesabiwa nususpishi ya tachiro. Orodha nyingi sasa humpa spishi yake. Kifua chake kina wekundu-kahawia uliotandazwa, mistari michache au hakuna, na kijana wake huwa mweupe chini kwa kiasi kikubwa, matone machache. Kwa rekodi za Tanzania ya mashariki na pwani yote usihangaike naye. Swali linakuja kwa misitu ya magharibi ya Uganda: huko rekodi isiyo na picha ya kifua iachwe kwenye ngazi ya jenasi.

---

Mkondo_Ngezi

Kwa upande wa anakopatikana, tachiro huanzia nyanda za juu za Ethiopia na Eritrea (nususpishi unduliventer; kusini magharibi ya Ethiopia kuna croizati), anashuka kupitia Kenya, Uganda na Tanzania, kisha Malawi, Zambia, Zimbabwe na Msumbiji hadi pwani ya kusini ya Afrika Kusini, na magharibi hadi Angola. Wa kwetu ni sparsimfasciatus. Wa kusini kabisa ni nususpishi tachiro, inayobeba jina lilelile la spishi. Pemba baadhi ya orodha humpa jina lake, pembaensis, nyingine humchanganya na wa bara.

Yuko kuanzia usawa wa bahari hadi mita 3,000 hivi. Anachotaka ni kivuli na miti iliyokaribiana. Kwa hiyo Arabuko-Sokoke, Kakamega, Karura, Usambara, Uluguru, Udzungwa na Ngezi (msitu wa Pemba) hazimshangazi mtu. Wasichotarajia wengi ni kwamba anaingia kwenye bustani zenye miti mikubwa, mashamba ya miti ya kupandwa, na kamba nyembamba za msitu wa mtoni zinazokatiza nchi kavu. Ukanda wa mita chache kando ya mto unamtosha kupita.

Kinyume chake ndicho kichujio chako kizuri. Rekodi ya tachiro katikati ya mbuga ya nyasi au nyika ya miiba, mbali na mto, iwekee alama. Mara nyingi itakuwa gabar au shikra. Na shikra aliyeandikwa ndani ya msitu wa mlimani uliofunga, naye aangaliwe. Shikra hupenda pembezoni na miti iliyoachana.

Hapa natofautiana kidogo na Ubavu_wa_Kigongo: makazi yasitumike kumtoa ovampensis moja kwa moja. Vijana hutangatanga baada ya kuacha kiota, na vipanga wengi huonekana mahali pasipo pao kwa wiki chache. Makazi yakuambie pa kutilia shaka, uamuzi utoke kwenye manyoya.

---

Ubavu_wa_Kigongo

Sawa, nakubali kwa ovampensis. Kwa gabar mweusi ndani ya msitu wa mita 1,800, bado ningetaka picha ya miguu.

---

Mpekuzi_wa_Orodha

Nawashukuru. Niweke moja hapa mnisaidie kuimaliza. Msitu wa Usambara Mashariki, ndege ametua, mgongo kahawia iliyoiva, chini mweupe na mistari ya kahawia iliyokingama kuanzia kifuani hadi tumboni. Koo halina mstari. Jicho la manjano. Mkia umefungwa, unaonekana kwa juu, mapande meusi manne yanapita katikati. Ngozi ya puani inaonekana ya manjano, lakini jua liko nyuma yake na uso mzima una rangi ya dhahabu. Aliyepiga kaandika shikra jike.

---

Kandokando

Ngozi ya puani kwenye picha hiyo iache, haina ushahidi wa upande wowote kwa mwanga huo. Vingine vinatosha.

Mistari iliyokingama kuanzia kifuani inasema ni mtu mzima, si kijana. Kwa mtu mzima ile kanuni ya mkia inaruhusiwa, na mapande yanayopita manyoya ya kati yanamtoa shikra hapohapo. Jicho la manjano linamtoa mara ya pili, kwa sababu shikra jike mzima angekuwa na jicho la machungwa (ila kumbuka dhahabu ya jua inaweza kusogeza rangi, kwa hiyo mkia uwe hoja kuu). Mgongo wa kahawia kwa mtu mzima unalingana na jike wa kipanga-msitu. Ukitaka uhakika wa tatu, kuza picha uangalie miguu: jike wa tachiro ana miguu minene na vidole imara.

Andika Aerospiza tachiro, jike, mzima. Kwenye safu ya maelezo weka "mapande manne hadi manyoya ya kati, chini mistari ya kahawia, jicho manjano, rangi ya ngozi ya puani haikuamuliwa, mwanga wa nyuma". Atakayekagua baada yako ataona umeamua kwa nini, na akitaka kubisha atajua pa kubishia.

---

Jenasi_na_Nususpishi

Na zile ambazo hazitoboki, usizilazimishe. Tangu 2024 eBird ina chaguo la kundi kwa waliokuwa Accipiter, bila spishi. Zamani ungeandika "Accipiter sp." na ukaeleweka, sasa maneno hayo yana maana finyu zaidi, yanamtoa shikra, kipanga mdogo, kipanga mweusi na tachiro wote kwa mpigo. Rekodi zako za zamani zenye "Accipiter sp." zote zihamishie kwenye kundi hilo pana, usiziache chini ya jenasi, la sivyo mtu atakuja kuzihesabu kama rufiventris au ovampensis.